Nani Atalipa Stima ya Wodi Mpya?

Nazungumza nanyi mlioko mjini Nakuru, mlioko Njoro, Molo na Subukia, madereva mlioegesha Salgaa mkipata chai, na ninyi wa Naivasha mnaosubiri basi la shamba la maua. Mada ya leo ni misaada ya nje inayojenga na kufufua hospitali zetu, na nitasema mapema ninakoelekea ili asije mtu akaniuliza baadaye nilikuwa upande gani. Sina ugomvi na anayetoa msaada. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoupokea kwa vigelegele bila kuuliza bili ya mwezi ujao italetwa kwa nani.

Tuanze na Januari 20, 2025. Siku hiyo Rais Donald Trump, hata hajalala usiku mmoja madarakani, alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Kabla ya wiki kwisha, amri ikashuka kwa mashirika yaliyokuwa yakilipwa na shirika la misaada la Marekani, USAID: simamisheni kazi. Ilipofika Julai 1 mwaka huo, USAID yenyewe, iliyoundwa mwaka 1961 enzi za John F. Kennedy, ilikuwa imefungwa, na kilichosalia kikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Amri ile haikuangusha ukuta hata mmoja wa hospitali katika Bonde la Ufa. Vitanda vilibaki palepale, mabati palepale, na vibao vilivyoandikwa majina ya wafadhili vikabaki vimesimama getini. Waliokosekana ni watu. Katika kaunti nyingi za Kenya, mgonjwa aliyekwenda kliniki ya dawa za virusi vya Ukimwi alikuta mshauri nasaha hayupo. Karani wa kumtafutia faili, hayupo. Yule mama anayeishi na virusi, ambaye kazi yake ilikuwa kuketi na wajawazito na kuwaambia kwamba hata yeye alijifungua mtoto mzima, ameambiwa abaki nyumbani. Na kijana wa bodaboda aliyebeba sampuli za damu kutoka zahanati ya mashambani hadi maabara, hana wa kumlipa mafuta.

Ndipo tukajua kwamba msaada uliokuwa umetushikilia kwa miaka mingi haukuwa ule wenye jiwe la msingi. Ulikuwa ule usioonekana: mishahara, usafiri, vitendanishi vya maabara, kadi za simu za kumkumbusha mgonjwa tarehe ya kurudi kliniki.

Hapa kwetu msaada huo ulipita kwa majina mengi. Kulikuwa na mradi wa APHIA awamu ya pili. Mwaka 2011 ukafuatwa na Nuru ya Bonde, ulioendeshwa na shirika la FHI 360 katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, Nakuru na Baringo zikiwemo. Mwaka 2016 ukaja Afya Uzazi, wa Nakuru na Baringo, uliojishughulisha na kina mama, watoto na uzazi wa mpango. Baadaye tukasikia Tujenge Jamii. Majina matamu, kama ya vyama vya kina mama vya kuweka na kukopa. Mradi ukiisha, unabadilishwa jina, gari linapakwa nembo mpya, na mara nyingi wahudumu ni walewale, kila mmoja na mkataba wenye tarehe ya mwisho.

Sehemu kubwa ya fedha za Ukimwi ilitoka katika mpango wa PEPFAR, ambao Rais George W. Bush aliutangaza Januari 2003. Vijana wanaonisikiliza huenda hawajui hali ilivyokuwa kabla yake. Wenye umri wangu hawajasahau wodi za miaka ya tisini, wagonjwa wawili kwenye kitanda kimoja na wa tatu chini kwenye mkeka. Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na dawa zilikuwepo duniani, ila bei yake ilikuwa ya matajiri. Leo zaidi ya Wakenya milioni moja wanameza dawa hizo, wanafanya kazi, wanalipa karo za watoto wao.

Kwa hiyo mtu akija kwenye mjadala huu akanirushia ile methali ya mtegemea cha nduguye hufa maskini, nitamwambia kwamba hapa haikutoshea. Waliotegemea cha nduguye hawakufa. Ndiyo maana wapo hai leo wakiuliza kesho itakuwaje. Aibu si yao. Aibu ni ya sisi tuliokuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kujipanga na hatukujipanga.

Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za serikali kwa afya. Kenya iliahidi pamoja nao. Hatujafika huko, na sitaki kupoteza muda wenu kwa ahadi ambayo hata walioitia saini wameacha kuitaja.

Niwakumbushe jambo jingine, maana historia ya misaada ina vichekesho vyake. Disemba 1989 serikali ilianza kutoza wagonjwa ada, kile tulichokiita kuchangia gharama, wakati Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zikitusukuma tupunguze matumizi ya umma. Wagonjwa wakakimbia vituo, ada ikasimamishwa mwaka uliofuata, kisha ikarudishwa polepole kuanzia 1992. Mwaka 2004 ikapunguzwa, shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Wakubwa walewale waliotuambia serikali ina wafanyakazi wengi mno walirudi miaka kadhaa baadaye kutuuliza mbona vituo vyetu havina wauguzi. Tukawaandalia chai na mandazi, tukakaa nao kwenye warsha kujadili swali hilo.

Turudi kwenye majengo na mashine, maana ndiko tunakopenda kukata utepe.

Wengi wenu mnaijua hospitali kuu ya Nakuru, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH ingawa siku hizi ni ya rufaa na mafunzo ya kaunti. Haiwahudumii watu wa Kaunti ya Nakuru peke yao, ambao katika sensa ya 2019 walikuwa zaidi ya milioni 2. Ambulensi zinaingia pale kutoka Baringo, Nyandarua, Laikipia, Samburu, Narok. Barabara kuu inayopita mlangoni mwetu nayo haikosi kutuletea kazi. Januari 31, 2009, lori la mafuta lililipuka Sachangwan, karibu na Molo. Watu zaidi ya 100 walikufa, na majeruhi waliungua kiasi kwamba hospitali za Molo na Nakuru zilielemewa. Usiku ule hapakuwa na swali la nani alijenga wodi. Swali lilikuwa kuna dripu ngapi, kuna wauguzi wangapi zamu ya usiku, na damu ipo?

Leo hospitali ya Nakuru ina jengo la mama na mtoto lenye jina la Margaret Kenyatta, mke wa rais mstaafu. Ni jengo la fahari, nami nalifurahia. Lakini fikiria jengo la kujifungulia linavyokula. Watoto hawazaliwi saa za ofisi, kwa hiyo unahitaji wakunga wa zamu tatu. Chumba cha upasuaji kinataka daktari wa usingizi, maji yasiyokatika na mtambo wa kuchemshia vifaa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anataka joto, na joto ni stima, na stima ya Kenya tunaijua, kwa hiyo unataka jenereta, na jenereta inataka dizeli. Kila wodi inayofunguliwa ni deni la kila mwezi, milele. Hakuna mfadhili anayetoa hotuba kuhusu dizeli.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha hesabu waliyoikusanya katika hospitali za nchi maskini kadhaa. Karibu asilimia 40 ya vifaa vya tiba vilikuwa havifanyi kazi. Si kwa sababu vilikuwa takataka vyote. Hakukuwa na vipuri, hakukuwa na fundi, au mtumiaji hakufundishwa kuviendesha. Nadhani mtu yeyote aliyewahi kuzunguka nyuma ya hospitali za wilaya, kule kwenye makazi ya popo na viti vya magurudumu vilivyong'oka, hakushangazwa na hesabu hiyo.

Sisi Wakenya tulijaribu dawa ya ugonjwa huo, nayo ikatugeukia. Februari 2015 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilizindua mpango wa kukodi vifaa vya tiba kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa. Kampuni za Marekani, Ulaya, India na China zingeleta mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, za eksirei, za upasuaji na za wagonjwa mahututi, kisha zizitunze kwa miaka saba. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Mwenye mashine ndiye anayeitengeneza. Ikiharibika, hasara ni yake. Tatizo la vipuri limekwisha, sivyo?

Magavana waligoma kutia saini mwanzoni, wakisema afya imegatuliwa na hakuna aliyewauliza wanahitaji nini. Baadaye walitia. Kila kaunti ikaanza kukatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, kisha makato yakapanda hadi milioni 200, kaunti kubwa sawa na ndogo, na gharama yote ikakadiriwa kuwa shilingi bilioni 38. Mwaka 2020 kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo wa Isiolo ilitoa ripoti kali mno kuhusu zabuni na makato hayo. Kilichonikera zaidi mimi hata si fedha. Ni kwamba kuna hospitali zilizopokea mashine bila kuwa na stima ya kuziwasha, au maji, au mtaalamu wa kusoma picha. Makato yaliendelea. Mashine imo ndani ya sanduku, sanduku limo ndani ya chumba kilichofungwa, na kaunti inalipa.

Utasema huo haukuwa msaada, ulikuwa biashara. Kweli. Ila ulikuwa na kasoro ileile ya misaada: uamuzi ulifanyika juu, mbali na muuguzi msimamizi wa wodi, na mtu wa mwisho kuulizwa alikuwa yule atakayeishi na kifaa hicho.

Je, kuna mahali jambo hili lilikwenda vizuri? Papo, na inafaa tupatazame.

Nenda Kisumu uulize ilipo hospitali ya "Russia". Hata mtoto atakuelekeza. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, matunda ya uhusiano wa Jaramogi Oginga Odinga na Moscow, na siku ilipofunguliwa Oktoba 1969 ilimwagika damu, kwa sababu siasa za Rais Jomo Kenyatta na Odinga zilikuwa zimechafuka. Kuzaliwa kwake kulikuwa kwa majonzi. Lakini Muungano wa Kisovieti ulisambaratika mwaka 1991, na hospitali haikufungwa hata siku moja kwa sababu hiyo. Kwa nini? Kwa sababu wahudumu wake walikwisha kuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali ya Kenya. Nchi iliyoijenga haipo duniani. Hospitali ipo na leo ina jina la Jaramogi mwenyewe.

Karibu zaidi nasi, vuka Kericho uingie Bomet. Hospitali ya Tenwek ilianzishwa na wamishonari wa Kimarekani mwaka 1937. Wangeweza kuomba jenereta kila baada ya miaka mitano, na makanisa ya kwao yangechanga. Badala yake walitazama maporomoko ya Mto Nyangores yaliyo karibu nao, na mwaka 1987 wakaanza kuzalisha stima yao wenyewe kwa maji. Mwaka huohuo shule ya wauguzi ikaanza. Baadaye wakafundisha madaktari wapasuaji, Waafrika, waliobaki kufanya kazi hapa Afrika. Leo wagonjwa wa moyo wanapasuliwa kule Bomet. Fedha za wageni zimo, nyingi tu. Lakini zilinunua stima na walimu mapema, na hayo mawili ndiyo yaliyofanya kila kilichojengwa baadaye kiwe na maana.

Hata hivyo nia njema haitoshi, na ushahidi uko hapa Elementaita, mtu akitoka Nakuru kwenda Gilgil. Padri William Fryda, Mmarekani na daktari, alikusanya michango kutoka nje na kujenga hospitali za St. Mary's, moja Lang'ata Nairobi na nyingine Elementaita, ambazo watu wa kipato cha chini walizipenda kwa bei yake. Kisha ukazuka mgogoro kati yake na masista wa Assumption wa Nairobi: hospitali ni ya nani? Kesi iliendelea kwa miaka, na mahakama ya ardhi hapa Nakuru ikaamua kwa upande wa masista. Katikati ya mvutano huo huduma zilisimama kwa muda na wafanyakazi wakaandamana. Mimi si hakimu wa kesi iliyokwisha kuamuliwa. Ninachotaka mkione ni kwamba maelfu ya watu ng'ambo walitoa fedha zao kwa moyo safi, maelfu ya wagonjwa hapa wakatibiwa, na pande zote mbili hazikujua kwa hakika hati ya shamba inasema nini hadi walipofika kortini. Kabla tofali la kwanza halijawekwa, hati isomwe kwa sauti mbele ya wananchi.

Sasa tuje kwa yaliyo mbele yetu. Disemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia saini mjini Washington mkataba mpya wa ushirikiano wa afya wa miaka mitano. Marekani inaahidi hadi dola bilioni 1.6, nayo Kenya inaahidi kuongeza dola milioni 850 za kwake. Fedha zinatakiwa zipite serikalini badala ya mashirika, na wahudumu na dawa zilizokuwa zikilipiwa na Wamarekani zihamie kwetu hatua kwa hatua. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda mambo ya kutoa taarifa za wagonjwa, na vyombo vya habari vikazungumza hilo tu. Ni jambo zito, sikatai. Lakini mimi jicho langu liko kwenye zile dola milioni 850, kwa sababu hizo ni zetu, na kwa sababu wahudumu wengi zaidi wako chini ya kaunti. Karani wa kliniki ya Molo akihamishiwa kwenye orodha ya kaunti, mshahara wake utatoka katika mgao upi? Mwulizeni mwakilishi wenu wa wadi swali hilo, muone kama analo jibu.

Kuna silaha moja ambayo wananchi wengi hawajui wanayo. Kabla ya 2023, katika kaunti nyingi shilingi uliyolipa dirishani ilisafiri hadi hazina ya kaunti, na daktari msimamizi angeomba ruhusa hata ya kununua balbu. Oktoba 2023 ilipitishwa sheria ya ufadhili wa kuboresha vituo vya afya, inayosema mapato ya hospitali yabaki hospitalini na yatumike hapohapo. Chini ya sheria hiyo kuna kamati na bodi ambazo zinahitaji kuwa na wananchi ndani yake. Ukisikia kituo chenu kimekaa miezi mitatu bila mashine ya eksirei kwa kukosa kipuri, usianze kwa kumlaani gavana kwenye Facebook. Anza kwa kuuliza bodi ya hospitali ilikusanya kiasi gani na ilitumia wapi. Ni kweli bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalaumiwa na hospitali nyingi kwa kuchelewesha malipo, na bodi inaweza kukujibu kwamba fedha hazijafika. Jibu hilo nalo liandikwe, lipelekwe mbele.

Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali. Mtaahidiwa wodi. Mtaonyeshwa picha za majengo yaliyochorwa kwa kompyuta, na pengine balozi mmoja ataletwa kupigwa picha akishika koleo. Mkaribisheni, mpeni maziwa ya mursik kama ilivyo desturi, na mumshukuru. Kisha mtu mmoja asimame aulize, mbele ya kamera: wahudumu wangapi wameajiriwa kwa ajili ya jengo hili, bajeti ya matengenezo ni shilingi ngapi kwa mwaka, na iko ukurasa gani? Kama haipo ukurasa wowote, jengo hilo lisianze.

Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Katikati ya tarehe hizo mbili kaunti inapaswa kuwaita wananchi kutoa maoni, na mara nyingi ukumbi unakuwa na watu wachache waliofuata nauli na soda. Safari ijayo nendeni ninyi wa Njoro, wa Kuresoi, wa Bahati na wa Gilgil, mkiwa na swali moja lililoandikwa kwenye karatasi, na msitoke ukumbini kabla halijajibiwa.